Jina Lililokuwa Kwenye Bastola ya Mjomba Kondo

Nakumbuka Ijumaa moja kule Mzenga, umande haujakauka kwenye majani ya mihogo, nimekaa juu ya kibao cha mbuzi uani kwa mama yangu, nimeibana bastola ya mjomba katikati ya magoti, naisugua kwa ndimu na mchanga. Na ninaimba. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, mwanangu, kwamba nilikuwa naimba.

Sikuwa na nia ya kuisimulia siku ile. Kuna mambo mtu anayalalia kama godoro lenye donge, anazoea. Lakini mwezi huu mjukuu wangu Zuhura alinijia hapa Kibaha. Zuhura amejenga pale Picha ya Ndege, nyumba nzuri, Mungu ambariki, ina vioo mpaka jikoni. Alikuja na karatasi ya msasa na kopo la vanishi ndani ya mfuko.

"Bibi, nipe ile bastola ya ukoo niisafishe. Nataka niitundike sebuleni."

"Weka huo msasa chini."

"Jamani Bibi! Ikikaa hivi na weusi wake wageni watasema nimeiokota kwa wauza vyuma chakavu. Nataka ing'ae tu."

"Zuhura, uweke chini kabla sijakusugua nao wewe mgongoni."

Akacheka, akauweka. Mimi sikucheka. Maana neno lile, "ing'ae tu", lilikuwa neno langu mimi kabla mama yake hajazaliwa. Basi nikamkalisha mkekani nikamwambia, na wewe nakuambia kama nilivyomwambia yeye. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo ukikuta maneno yamepinda, yanyooshe mwenyewe.

Mjomba wangu aliitwa Kondo Mwinyimvua. Mama yangu Mwanaidi alikuwa dada yake tumbo moja. Sisi Wazaramo wa zamani, mwanangu, mjomba hakuwa mtu wa kuletewa salamu tu. Mjomba alikuwa mlango. Jina lako, vitu vyako, na mahali pako pa kusimama siku ya kuwasomea dua wazee makaburini, vyote ulivipata kwa upande wa mama. Na kitu kikubwa alichokishika Mjomba Kondo kwa niaba yetu sote kilikuwa bastola.

Usifikiri hizi za askari. Ilikuwa ya kale, ya kushindilia baruti kwa mdomoni, na kifyatulio chake kiligonga jiwe ndipo cheche itoke. Mtutu wake haukuzidi urefu wa kuanzia kiwiko changu mpaka kiganjani. Mti wake ulikuwa mweusi, na kitako chake kilivikwa kofia ya shaba kama kifuniko cha chupa kubwa. Hakuna aliyewahi kuisikia ikilia. Ilikaa imeviringishwa kwenye kaniki iliyopakwa mafuta ya nyonyo, juu ya uchaga wa jikoni, moshi unaipitia kila siku ya Mungu. Sisi watoto tulidhani imetupwa kule. Kumbe moshi ule ndio uliowazuia wadudu wasiule mti wake, na lile joto ndilo lililozuia unyevu. Wazee walijua walichokifanya, ila hawakuwa watu wa kueleza.

Sasa nikuambie kwa nini ilikuwa na uzito. Pale Mzenga palikuwa na mzee mmoja, Mgaza Dibwe, mwenye ulimi kama kisu cha kuchunia. Ukoo wake na wetu walipakana kwa mikorosho na kwa makaburi. Mzee Mgaza alikuwa na neno lake moja, akilitoa kila watu wakijaa barazani: kwamba mzee wetu wa kwanza alifika Mzenga kichwani ana mzigo, mpagazi wa msafara, akaugua, wenziwe wakamwacha, na wazee wa Mgaza ndio waliomhurumia wakampa pa kulala. Kwa hiyo hata makaburi tunayoyasomea dua ni ya hisani. Wake zake walitupokea kwa neno hilo kisimani. "Pisheni wajukuu wa mpagazi wateke, wana safari ndefu." Nililisikia tangu sijajua kujifunga khanga.

Mjomba Kondo alisema siyo. Yeye alipokea kwa mama yake kwamba mzee wetu ndiye aliyekuwa mwenyeji, akaupokea msafara wenye njaa na kuulisha, na mkuu wa msafara akampa ile bastola kwa shukrani, jina la mzee wetu likiwa limechorwa juu ya shaba kwa herufi za Kiarabu. Jina lile lingekata maneno. Mpagazi hachorewi bastola.

Lakini macho ya mjomba yalikuwa yamekwishaingia ukungu. Alipokuwa anaona, alikuwa na haraka za ujana, na hakuyajali maneno ya Mgaza. Alipoanza kuyajali, haoni. Na herufi zenyewe zilikuwa ndogo, zimechorwa kwa ncha ya kitu kama sindano, hazina nukta wala irabu. Mama alimwambia mara nyingi ampe mwalimu wa pale pale asome. Mjomba akakataa.

"Akisoma wa kwangu watasema amependelea," alisema. "Akisoma wa kwao atalimeza jina."

Alitaka msomaji asiye na upande, na alitaka lisomwe mbele ya wanaume wote baada ya sala ya Ijumaa, Mgaza akiwepo, naye mwenyewe akiwa bado ana masikio ya kulisikia. Hakutaka kingine duniani. Akapeleka ujumbe Magindu kwa mtu aitwaye Maganga bin Juma.

Huyu Maganga alikuwa Mnyamwezi aliyezaliwa huku huku, babu yake alihamia zamani. Kazi yake ilikuwa kutengeneza magobori ya watu wanaolinda mashamba na nguruwe, na pia alikaa chuoni miaka mingi, akazisoma zile hati za kale mpaka zikamwogopa yeye. Alitujibu kwamba atakuja Ijumaa.

Siku ya Alhamisi mjomba akaiteremsha bastola, akaifungua kaniki, akampa mama. Mama akaiweka chumbani juu ya kitanda cha kamba. Jioni akaniambia, "Kesho mjomba wako ana mgeni wa heshima. Angalia nyumba isitutie aibu." Asubuhi yake akaenda kwa jirani kutwanga mchele wa wageni, na mjomba akaongozwa barabarani kumpokea mgeni. Nikabaki mimi.

Mwanangu, usinione mjinga. Nilikuwa nimetoka kutolewa ndani, nimechezwa, na kitu nilichosifiwa katika uali wangu wote kilikuwa kung'arisha. Zamani zile mwali alipimwa kwa masinia. Ulipewa masinia ya shaba yaliyokaa moshini tangu harusi ya bibi yako, ukayasugua kwa majivu, ndimu na mchanga laini wa mtoni, mpaka kungwi wako aweze kujitazama meno humo. Kungwi wangu, Bi Mwanahamisi Pembe, aliwaambia wanawake wote, "Huyu mpeni hata kisigino cha mzee, atakirudisha kama kioo." Nilitembea na sifa ile kama nimevaa kiatu kipya. Sasa mtu kama huyo umwachie shaba nyeusi chumbani, mgeni yuko njiani, iwezekane?

Nilianza na kofia ya kitako. Nikakamua ndimu, nikanyunyiza mchanga, nikasugua kwa kumbi la nazi. Weusi ukaanza kutoka. Juu ya shaba ile palikuwa na vimistari vyembamba vyeusi, vimejipanga kama njia ya sisimizi. Nikadhani ni masizi yaliyoingia kwenye mikwaruzo.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Mimi nilikuwa nimekwenda chuoni. Juzuu Amma nimeimaliza kwa Maalim Kibwana. Alifu, be, te, nazijua. Na katika ile mistari kuna mahali nilisita. Alama moja ilinifanania na mim. Nikaitazama. Nikajisemea moyoni, mim ya wapi huku, kwenye chuma? Nikaongeza mchanga.

Katika ukoo mzima, siku ile, mimi ndiye niliyekuwa na macho mazima, na herufi kidogo kichwani, na jua la asubuhi begani, na jina la mzee wetu mkononi. Nililitazama nikaona uchafu.

Shaba ilipowaka kama jua nikahamia kwenye mtutu. Mdomo wake ulikuwa unanitazama hapa, chini ya kidevu, nami nimeinama nasugua. Kisha nikaiosha kwa maji, nikaianika, nikaipaka mafuta ya nazi, nikaitandikia kitambaa cheupe na vikonyo vya asumini pembeni. Mama aliporudi na ungo wa mchele alisimama mlangoni akaiona. Naye hakujua kusoma. Akasema, "Lo, mwanangu, hongera!" Masikini mama yangu. Alinipongeza.

Maganga alifika kabla ya adhana. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, basi hata kofia hajaivua alianza tangu uani.

"Wazaramo! Mmeniita mbio mbio, nani kafa?"

"Hajafa mtu," akasema mama, "labda ufe wewe tupate kula pilau."

"Nife kwenu? Mtanizika kwa kanga moja halafu mgombee viatu."

Watu wakacheka. Hata mjomba alicheka, na sikuwa nimemsikia akicheka muda mrefu. Baada ya sala wanaume wakajaa ukumbini. Ninawaona mpaka leo: Maalim Kibwana, Mzee Salumu Mlawa, Pazi kaka yangu, Omari Chuma aliyekuwa na pumu, na Mzee Mgaza Dibwe mwenyewe, amekaa karibu na mlango na bakora yake. Wanawake tulisimama nyuma ya pazia la magunia.

Mjomba akasema iletwe. Nikaileta mimi, na kitambaa chake na asumini zake. Watu wakaguna kwa uzuri. Nikapiga goti, nikamwekea mikononi.

Sikujua jambo moja, na hakuna aliyeniambia. Tangu macho yalipomwishia, mjomba alikuwa akiisoma shaba ile kwa kidole gumba. Hakujua imeandikwa nini, lakini alijua imeandikwa. Alizijua zile herufi kama unavyojua kovu la goti lako mwenyewe. Nikakiona kidole kinakwenda moja kwa moja mahali pake. Kikafika. Kikateleza. Kikarudi, kikazunguka, kikatafuta tena. Uso wake ukabadilika kama mtu aliyekanyaga pasipo na ngazi.

Akamnyooshea Maganga. "Soma," akasema.

Maganga hakuanza kusoma. Kwanza aliugeuzia mdomo wa bastola ukutani pasipo na mtu. Akaomba chelewa, ujiti ule wa ufagio wa mnazi. Akaulaza nje ya mtutu kuona urefu wake mpaka mwisho, akautia alama kwa kucha. Kisha akautumbukiza ndani polepole. Ujiti ukagota kabla haujafika kwenye kucha. Akauchomoa, akarudia.

"Ina chakula tumboni," akasema.

Wanaume walihama upande ule kama maji yaliyomwagwa.

"Baruti ya wazee bado imo, na risasi juu yake. Nani ameiogesha?"

Nikasema, "Mimi, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Mdomo wake ulikuwa unatazama wapi, binti yangu, ulipokuwa unaiogesha?"

Nikaweka kidole chini ya kidevu. Nyuma ya pazia nikamsikia mama anakaa chini, puu, kama gunia.

"Chuma hakizeeki ubaya," akasema Maganga. "Kinalala tu." Halafu akaitoa nje juani, wanaume wakamfuata kwa mbali. Akaigeuza huku, akaigeuza kule. Akatoa miwani, akaifuta, akaivaa. Akatema mate kidogo kidoleni akayapaka juu ya shaba ili ajaribu kuona. Mimi nilikuwa nimeshika nguzo ya ukumbi, na nilikuwa nimeanza kuelewa. Nilielewa polepole, kama mtu anayelowa.

"Nasoma neno moja," akasema mwisho. "Bin. Kabla yake palikuwa na kitu, na baada yake palikuwa na kitu, pamesuguliwa. Bin tu ndiyo iliyobaki, nayo haijakamilika."

Mzee Mgaza akapiga bakora chini. "Bin! Haya jamani, tumesafirishiwa mtu kutoka Magindu aje kutuambia kwamba mzee wao alikuwa na baba. Hata mbuzi wangu ana baba!"

Wakacheka. Si wote, lakini waliocheka walitosha. Na sauti yake ikaendelea, "Mpagazi bin Mpagazi, ndivyo ilivyoandikwa!"

Hapo Maganga akavua miwani. Utani wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Mzee mwenzangu, babu yangu mimi alikuwa mpagazi. Alibeba pembe kutoka kwetu Unyamwezi mpaka pwani kwa miguu, akarudi, akaja tena. Aliona mito ambayo wewe hujui hata majina yake. Babu yako yeye alifika wapi?"

Mgaza akageuka, akaondoka anaburuza kandambili. Wengi walisema baadaye kwamba Maganga alimshinda. Lakini mjomba hakumwita Maganga amshindie. Alimwita asome jina. Ushindi wa maneno siku ile ulikuwa kama kumpa mwenye kiu pole.

Jioni, jua linaelekea kuzama, mjomba akaniita. Nilikwenda nikijua nitapigwa, na nilitaka nipigwe. Alikuwa peke yake kwenye kigoda. Akaniambia nikae.

"Uliiona ina uchafu," akasema.

"Ndiyo, mjomba."

"Ulimuuliza nani?"

Nikatazama kucha zangu, mchanga bado umo.

"Uchafu una mwenyewe, mwanangu. Ukiingia nyumba ya mtu ukakuta vumbi, piga hodi hata kwa lile vumbi. Wewe umekipenda kitu kabla hujakijua. Mapenzi ya hivyo yana mkono mzito kuliko chuki. Mgaza amenitukana miaka yote, hakuweza kulifuta lile jina."

Mwanangu, fimbo ingeniuma wiki. Maneno yale nazeeka nayo.

Kisha akaongeza, na hili nimelitafakari zaidi kadiri miaka inavyokwenda: "Na mimi nina langu. Nilikuwa na macho, sikusoma. Nilikuwa na watu, sikuwaambia. Nilikificha kitu mpaka wenyewe hawakukijua. Usilie peke yako."

Lakini hakwenda tena barazani. Ijumaa alikuwa akisali na kurudi moja kwa moja, amenishika mimi bega, kwa sababu alitaka niwe mimi ndiye wa kumwongoza. Wake za Mgaza wakipita na maneno yao, alikuwa ananibonyeza bega kidogo, maana yake twende. Alikufa kabla ya mavuno ya korosho ya mwaka uliofuata. Siku ya dua ya arobaini Pazi kaka yangu alikabidhiwa jina na bastola. Waliokuja kusoma dua walisoma, "Kondo bin Mwinyimvua bin Mkomwa", hapo wakanyamaza, kwa sababu zaidi ya hapo hakuna aliyejua.

Je, jina la mzee wetu lilikuwepo kweli? Au lilikuwa jina la yule mkuu wa msafara, au la fundi aliyeichonga huko ilikotoka? Mimi sijui. Sitajua. Labda Mgaza alisema kweli. Watu wanadhani majuto ni kujua ulichokipoteza. Yangu mimi ni kutokijua.

Maganga alikaa kwetu siku chache kuondoa ile baruti. Aliilowanisha kwanza, akaitoa kidogo kidogo kwa chuma chembamba chenye ncha ya kupinda kama parafujo, na alitufukuza wote uani alipokuwa akiifanya kazi ile. Kutu ilikuwa imekwisha kuanza, nyekundu, pale ndimu yangu ilipopita. Akatufundisha mimi na Pazi: maji hapana, ndimu hapana, mafuta ya nazi hapana, yanaganda na kunuka na kukaribisha mchwa. Kitambaa kikavu. Chuma kipakwe mafuta ya cherehani, tone tu, yafutwe mpaka udhani umeyamaliza. Mti upate nta ya nyuki. Shaba iachwe. Usiishike kwa mkono wenye jasho, na ukiishika, ifute kabla hujaiweka. Nimefuata hayo mpaka leo. Inachekesha, eti mtu aliyeharibu ndiye aliyekuja kuwa mtunzaji bora.

Pazi alipofariki, bastola ikaja kwangu hapa Kibaha, kwa sababu dada yetu Siwema alikwishatangulia na watoto wake walikuwa wadogo. Mwanangu Abdallah akasema, "Mama, silaha ni silaha, tusije tukafungwa kwa kitu kisicholia." Alisema kweli. Tukaenda naye kituoni kwanza mikono mitupu kuuliza namna ya kuileta, usije ukaingia polisi na bastola chini ya baibui. Askari wa mapokezi, kijana mpole, akaniuliza:

"Bibi, hii silaha umeitumia lini mara ya mwisho?"

"Mara ya mwisho nimeisugua," nikamwambia, "na niliua."

Akaacha kuandika, akamtazama Abdallah. Ikabidi Abdallah aeleze. Basi wakaja wakaikagua, wakaridhika kwamba ni ya kale, tumbo lake tupu, wakatuelekeza kwa watu wa makumbusho Dar es Salaam wanaozijua. Kule alitupokea binti mmoja, mtaalamu, amevaa glavu nyeupe kama mwosha maiti. Naye alianza na ujiti, mwanangu! Wa kwake ulikuwa wa plastiki, lakini alipima nje akapima ndani, vile vile kama Maganga. Nikampenda papo hapo.

Akaieleza: mti huu wa namna gani, mtambo huu wa nchi zipi, hapa palibadilishwa parafujo, hapa paliungwa na fundi wa huku huku. Nikawa nasubiri afike kwenye shaba. Alipofika akawasha taa ndogo akailaza ubavuni ili mwanga upite chini chini.

"Bibi, hapa palisafishwa."

"Ndiyo, mama."

"Watu wengi wanafanya hivyo. Wanadhani wanaipa thamani. Ule weusi ndio umri wake, na ukishatoka haurudi." Akatazama tena. "Naona bin. Na mkia wa herufi moja baada yake. Siwezi kukudanganya zaidi ya hapo."

Nikamuuliza, huo mkia unaweza kuwa wa mim? Akanitazama, nadhani aliona kitu usoni kwangu, maana aliizima taa taratibu akanishika mkono na glavu yake. "Unaweza, Bibi," akasema. "Unaweza pia kuwa wa herufi nyingine."

Basi ndiyo hivyo. Nilimwambia Zuhura yote haya, na chai ikapoa. Akaurudisha msasa mfukoni, akaniuliza, "Sasa Bibi, tukiulizwa mzee wetu alikuwa nani, tuseme nini?" Swali lile lilistahili kujibiwa na bastola, si na mimi. Nikamjibu kwamba aseme hatujui, na aseme bila kuinamisha kichwa. Kama alikuwa mwenyeji aliyewalisha wenye njaa, alhamdulillahi. Kama alikuwa mpagazi aliyeachwa njiani akapona, akalima, akazaa watu hawa wote, nalo si dogo. Kosa letu lilikuwa kuliogopa neno la Mgaza hata tukakitumainia kipande cha shaba kitusemee, badala ya kuulizana sisi wenyewe wakati wanaojua wako hai.

Nawe mwanangu unayesoma, ukiachiwa kitu cha kale, kiwe bastola, kiwe sahani, kiwe msahafu wa babu, usikikimbilie na sabuni. Kikae. Kama ni silaha, mdomo wake usimtazame kiumbe, na asiyejua asiipekue. Toa habari ijulikane kwa wenye mamlaka na ikaguliwe na mjuzi kwanza. Kila alama uionayo ichukulie kuwa ni maneno mpaka uambiwe siyo, na leo mna simu za kupiga picha, piga picha kabla hujagusa hata kwa kitambaa. Usifurahie kupewa bei, uliza kwanza hadithi, kwa sababu bei anaijua mnunuzi lakini hadithi anaijua yule mzee anayekukera kwa kukohoa chumba cha pili. Mwendee leo, hata kama una safari ya mjini. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na cha wazee kiko uvunguni sana. Na wewe uliyekwisha kuwa mzee kama mimi, usifiche. Sema. Mjomba wangu alikuwa mtu mwema kuliko watu wote niliowajua, na kimya chake kilitupoteza sawa na mchanga wangu.

Mwenyezi Mungu akupe subira itangulie bidii yako. Akupe macho ya kuona kilicho mkononi mwako kabla mkono haujakitenda. Akujaalie mtu wa kumuuliza, na akujaalie kumuuliza mapema. Na majina ya wazee wako, yale unayoyajua na yale yaliyopotea mikononi mwetu, ayahifadhi Yeye asiyesahau. Amina.